Maneno Mekundu ya Dani

Nyumbani, Kisumu
Jumamosi, alasiri

Akinyi mwanangu,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako Pamela kwenda Kibuye kutafuta koti la baridi, na kwa jinsi ninavyomjua Pamela hamtarudi kabla hajapekua kila rundo la mitumba na kugombana na mwenye kibanda mmoja au wawili. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kitandani mwako, sanduku lako liko mbele yangu limeachama. Kesho asubuhi ndege itakuchukua hadi Nairobi, na kutoka hapo Afrika Kusini, kwenye shahada yako ya pili. Bado siamini kwamba mtoto wa karani wa maktaba na fundi wa matrekta anaenda kusomea namna ya kuhifadhi lugha za watu kwenye kompyuta. Nimeisema sentensi hiyo kwa sauti humu chumbani nisikie inavyolia.

Sitakuandikia habari za kula mboga, wala za kanisa, wala za wavulana. Hayo nimeyasema mpaka wewe na ukuta mmechoka. Nataka kukuandikia juu ya lile tuliloliruka humu ndani kama dimbwi la mlangoni, kila mtu akijifanya halioni. Mashine ilisema umeiba maneno ya mtu, na mimi mama yako niliiamini. Baadaye ukweli ulijulikana, tukachinja kuku, tukacheka. Lakini kukuomba msamaha, sikukuomba. Nadhani uliona, kwa sababu tangu wakati ule hujanionyesha tena kitu unachoandika, na zamani hata insha ya darasa la nne ulikuwa unanifuata nayo bafuni.

Ili unielewe, niache nianze mbali kidogo.

Nilipoajiriwa pale chuoni, maktaba ilikuwa mahali pa funguo. Vitabu vilivyotakiwa sana tulivifungia nyuma ya kaunta. Mwanafunzi aliacha kitambulisho, akapewa kitabu kwa saa mbili, na akichelewa alikutana na mimi. Nilikuwa mkali, sikatai. Kitabu kimoja cha uchumi kilikuwa nakala moja kwa darasa zima, na kuna mjanja mmoja aliyerarua sura ya mtihani akaenda nayo, wenzake wakabaki wakitazama jalada. Droo za kadi zilikuwa himaya yangu. Nilijua kwa kugusa tu ipi ina samaki na ipi ina miwa. Kijana akitoka Muhoroni kutafuta habari za ugonjwa uliokuwa unaumaliza muwa wa baba yake, nilimpa tulichokuwa nacho, na mara nyingi kilikuwa kimeandikwa kabla yeye hajazaliwa. Alishukuru akaenda kukaa. Wote wawili tuliona hiyo ndiyo elimu.

Halafu intaneti ikaja. Ilikuja polepole, kompyuta chache kwenye kona, foleni hadi mlangoni. Mchana mmoja msichana wa uuguzi aliniita kutoka kule kwenye kona.

"Madam, kuja uone. Hii imetoka leo."

"Leo gani?"

"Leo leo. Hii asubuhi."

Nilisimama nyuma ya kiti chake. Ilikuwa makala ya madaktari wa nchi ambayo sijafika wala sitafika, kuhusu malaria ya watoto, imetolewa siku hiyo hiyo, na msichana wa Nyalenda alikuwa anaisoma huku akitafuna mahindi ya kuchoma niliyokataza. Mkononi nilikuwa nimeshika jarida lililotufikia kwa posta, bado liko ndani ya nailoni yake, na lilikuwa limesafiri miezi. Nywele zilinisimama, Akinyi. Nilisahau hata kumfukuza na mahindi yake.

Kosa langu la kwanza katika dunia hiyo mpya unalijua, na umelisimulia kwa rafiki zako wote. Niliona kwamba kitu kinachokuja haraka hivyo kinaweza pia kuondoka haraka hivyo. Basi nikawa nakichapisha. Kila makala nzuri niliyoiona niliitoa kwenye karatasi, nikaigonga muhuri wa maktaba ukurasa kwa ukurasa, nikaipa namba, nikaipanga rafuni. Mkuu wa maktaba alipoikuta rafu ile alisimama mbele yake muda mrefu.

"Mama Akinyi, unachapisha intaneti?"

"Ndiyo, bwana mkuu. Kabla haijaisha."

Aliingia ofisini akafunga mlango, na nikamsikia akicheka peke yake mpaka akakohoa. Cheka na wewe. Lakini zile karatasi zangu mbili tatu bado zinaulizwa, maana huko mtandaoni kurasa zake zilishafutwa.

Baadaye walitupa mashine ya kuskani, wakaniambia nizipitishe tasnifu zote za zamani ziingie kwenye hifadhi ya mtandaoni. Unazikumbuka, zile za jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu, zilizokaa chumba cha nyuma na mende. Mtu alihangaika miaka kuziandika, akavaa joho, akapigwa picha, na kazi yake ikaingia chumba cha nyuma kama marehemu. Mimi nilizitoa moja moja, nikafungua nyuzi zao, nikazilaza chini ya ile taa. Uzito wa kazi ile uliniumiza mgongo mpaka leo. Kisha siku moja kijana wetu wa mitambo akanionyesha ramani ya dunia kwenye skrini, ina vitone, na kila kitone ni mahali ambapo mtu amefungua moja ya zile tasnifu. Kulikuwa na kitone Brazili. Mtu wa Brazili alikuwa amefungua kazi ya ugonjwa wa muwa wa Muhoroni. Nilimuuliza yule kijana kama kimekosewa. Akabonyeza, jina la tasnifu likatokea, na niliikumbuka hata kutu ya pini zake kwenye vidole vyangu.

Na sasa? Jumanne nilishuka Otonglo kununua nyanya. Binti aliyeniuzia ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, anamsaidia mama yake siku za soko. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye debe, na katikati ya mteja na mteja alikuwa anasoma jarida ambalo zamani ningelifungia kwa kufuli mbili. Ameingia kwa paswadi ya maktaba yetu. "Madam, mko open hata Sunday siku hizi," akaniambia, akaniongeza nyanya moja. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani. Nimefanya kazi kwenye jengo hilo ujana wangu wote, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja jengo litatoka liende sokoni lenyewe.

Nakwambia haya ujue kwamba siichukii mashine. Pengine ndiyo iliyoniponza. Mtu aliyeshangazwa sana na kitu huwa hakikagui.

Tulipoletewa ule mfumo wa kulinganisha maandishi, mimi ndiye niliyeushangilia. Nilikuwa nimechoka na projekti zilizonunuliwa kwenye vibanda vya kuchapisha, mtu anabadilisha jina la wilaya tu na kubandika lake. Mfumo ule unasoma kazi ya mwanafunzi, unailinganisha na dunia nzima, na palipofanana unapaka nyekundu. Na katika hiyo dunia nzima zilikuwemo pia tasnifu zetu za zamani, zile nilizoziskani mimi. Kwa maneno mengine, mimi ndiye niliyeulisha.

Kazi yako ilipofika, sikuigusa. Kanuni haziruhusu kushika kazi ya jamaa, na mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeipitisha. Lakini meza zetu zimekaribiana na nyekundu huonekana mbali. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Kiambatisho cha mwisho, yale maneno ya Kidholuo ya mwanamke wa ufukweni kuhusu kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, kilikuwa chekundu kuanzia juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa. Pembeni ilionyeshwa kilikofanana: tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa zamani, iliyoandikwa wewe ukiwa hujaanza kutambaa. Mwenzangu alinitazama, akatazama pembeni. Nilijua maana yake. Kamati ya nidhamu, mwaka kurudiwa, na ile nafasi ya Afrika Kusini, iliyokuwa inasubiri matokeo yako tu, wapewe wengine.

Nilikuja nyumbani nikiwa nimevimba. Wewe ulikuwa unasonga ugali, na Pamela alikuwa pale kwenye stuli akichambua mboga ya osuga. Mtu mwenye busara angengoja mgeni aondoke. Mimi nilianzia mlangoni.

"Akinyi, ulinakili wapi?"

"Nini?"

"Usiniulize nini. Yale ya omena."

Ulicheka kwanza, hilo nalikumbuka. "Mum, hiyo maneno ni ya Dani. Nilirekodi na simu, nikaandika vile alisema."

"Dani hajaandika tasnifu. Bibi yako hajui hata kusoma."

"Si nimesema alisema? Sijasema aliandika."

"Na huyu mwingine aliyeandika zamani, naye alikopi kwako?"

"Simjui huyo mtu! Sijawahi ona hiyo kitu!"

"Rekodi iko wapi?"

Rekodi ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imeporwa stendi wiki moja baada ya wewe kumaliza kuandika. Nilikuwa najua hivyo. Nililia na wewe ile simu. Lakini jioni ile nikasema, "Simu zote huibiwa zinapotakiwa," na nikaongeza, "Lisemwalo lipo. Mashine haina mtoto wala jirani, itakusingizia kwa faida ya nani?" Pamela akasema, "Min Akinyi, pole pole," nami nikamwambia asiingilie. Uliuacha mwiko ndani ya sufuria ukaenda chumbani. Ugali uliungua. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja kitu.

Ulimpigia Dani, nakumbuka. Ukamuuliza kama kuna mtu mwingine aliwahi kumhoji. Akakujibu kwamba mwaka ule gugumaji lilipolifunika ziwa, vijana wa kalamu walikuwa wengi ufukweni kuliko samaki, yeye atawakumbuka vipi? Basi hapo pia hukupata pa kushika.

Baba yako ndiye aliyenitikisa. Unajua huwa haongei sana, na akiwa Muhoroni simu zake ni salamu, gari, na kwaheri. Nilimweleza yote.

"Hapa kiwandani tuko na mizani," akasema. "Trekta inapanda, mizani inasema ni tani ngapi. Haijawahi kusema muwa ni wa shamba gani."

"Unamaanisha nini?"

"Mimi namaanisha uulize mtoto vizuri," akasema, akaenda kwenye trekta lake.

Sikukuuliza vizuri. Kiburi. Lakini kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, maktaba ikiwa imepoa, niliifungua ile tasnifu ya zamani kwenye skrini na kuiweka kando ya kiambatisho chako. Nilitaka kuona kama kuna hata mstari mmoja unaotofautiana, nikushike au nikuachilie.

Sasa sikia aibu yangu. Mimi ni mtu wa Butere. Kidholuo changu ni cha masikio, nimekiokota jikoni kwa Dani na ufukweni Ogal, na shangazi zako bado wananicheka ninavyokitamka. Kukisoma sikufunzwa na mtu. Nilipoyatazama yale maneno mekundu niliona herufi tu. Kwa hiyo nikaanza kuyasoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye skrini, kama mtoto wa chekechea. Nikafika pale panaposema, kwa Kiswahili changu: Omena haina haraka. Ukiigeuza kabla jua halijaipenda, itakuaibisha sokoni. Mstari wa tatu nilikuwa sijaufikia bado, na mdomo wangu ulishausema. Usiulize jua limefika wapi. Chukua moja, ivunje, isikilize.

Nilikuwa naisikia sauti ya Dani. Nilikuwa nimechuchumaa tena kwenye mchanga wa Ogal, wiki yangu ya kwanza ya ndoa, nyavu kuukuu zimetandazwa, harufu imeniingia hadi kwenye nywele, na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hadi hapo hakuwa ameniambia zaidi ya salamu, ananiita Nyar Butere, binti wa Butere, na kunipa maneno hayo hayo. Ivunje, isikilize. Na mume akiuliza chakula kiko wapi, mwambie kiko juani. Aliwapa wake wote wa nyumba ile maneno hayo, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu na yeye alipewa hivyo na mkwe wake. Niliyapokea kwa masikio yangu kabla yako, kabla ya yule kijana wa kalamu, kabla ya skana. Kisha nikayatazama kwenye kioo cha kompyuta yakiwa yamepakwa rangi, na sikuyajua.

Nilitoka mbio bila viatu vyangu vya kazini, na nilimkuta Dakta Auma, msimamizi wako, akila chapati ofisini. Sijui nilisema nini. Alinisikiliza, akafuta mikono.

"Mama Akinyi, mimi nakuamini. Nilimwamini Akinyi hata kabla yako. Lakini kamati haiwezi kupiga kura na masikio yako. Tumpigie mama mwenyewe."

Hilo neno, kabla yako, lilinichoma, na nilistahili.

Siku ya kamati wewe ulikuwa benchi la nje, umejikunyata na ile sweta ya bluu. Hujawahi kusikia vizuri yaliyotokea ndani, kwa sababu kila nilipotaka kukusimulia niliona lazima nianze na kosa langu. Mimi nisingeruhusiwa kuingia. Niliingia kwa sababu moja tu: Dani hapokei namba asiyoijua. Basi wakaniambia nipige kwa simu yangu, niiweke mezani itoe sauti, nisalimie, ninyamaze.

"Nyar Butere, kuna nini? Niko na omena juani," ndivyo alivyoanza.

Dakta Auma akamsalimia kwa heshima, akamwomba aeleze namna omena inavyoanikwa. Nikasikia kuku na upepo.

"Ni nani ameoa?" Dani akauliza.

Wakatazamana. Dakta Auma akamwambia hakuna aliyeoa.

"Sasa mnataka ya nini? Hayo huambiwa msichana akiletwa nyumbani."

"Ni ya wanafunzi, Mama."

"Wasichana?"

"Wasichana na wavulana."

"Wavulana watafanya nayo nini?" Lakini akaanza.

Mwenyekiti wa kamati ni mzee wa Seme, Kidholuo ni chake cha kuzaliwa. Alikuwa ameifungua ile tasnifu ya zamani kwenye skrini kubwa, na Dani alipoanza kusema aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Omena haina haraka. Kidole kikaenda. Akinyi, kidole hakikusimama. Mstari kwa mstari, yule mama kule Ogal anasema, na huku kidole kinapita juu ya nyekundu. Mara moja alikatiza kumfukuza kuku aliyepanda nyavuni, akamtukana, na kidole kikamngoja pale pale kilipokuwa. Akarudi na neno lililofuata. Mhadhiri mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye asubuhi nzima alikuwa anatazama saa yake, alinyanyuka akaja kusimama nyuma ya mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Alipofika mwisho akasema, "Basi. Huyo msichana akija mleteni kwangu, nimwonyeshe kwa mikono. Mvua inakuja, nakata." Akakata.

Mwenyekiti alivua miwani. "Huyu mama amesema kitu kimoja mara tatu," akasema, "na mara ya kwanza na hii ya leo zimepishana karibu umri wa mtoto wa watu pale nje."

Nimeyafikiria sana yale. Mashine ile haijui Kidholuo. Haijui samaki, haijui jua, haijawahi kuolewa. Lakini iliichukua karatasi ya kijana wa zamani na karatasi yako, katika mamilioni ya karatasi za dunia, ikazileta pamoja na kusema: haya na haya ni yale yale. Haikusema zaidi ya hapo. Nimeirudia ile ripoti tangu juu hadi chini, na neno wizi halimo. Neno wizi nililitoa mimi kichwani mwangu, nikalibeba hadi jikoni. Ingekuwa macho yangu yanaona, ningesoma kwenye rangi ile ile habari ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuona kazini: kwamba kuna mwanamke asiyejua kusoma aliyeyashika maneno muda wote huo bila kudondosha hata moja, na kwamba sasa kuna chombo kinachoweza kuligundua hilo.

Na wewe usijione malaika. Kamati ilikusafisha, lakini mwenyekiti alikuuliza kwa nini hukuitafuta ile tasnifu, nawe ukasema hukudhani mambo ya kwetu yako kwenye mtandao. Ulikuwa umepekua majarida ya Kanada na Norwei kuhusu samaki wa Ogal! Hifadhi ya chuo chako mwenyewe, iliyomvunja mama yako mgongo, hukuifungua. Huko uendako, anza kwa kutafuta nyumbani kwa watu unaowaandika. Na rekodi ziwe mahali pawili, si ndani ya simu peke yake.

Utakuta pia huko wanategemea sana hizi programu za akili bandia. Siku hizi wanafunzi wananijia na majina ya vitabu kutoka humo, na nusu ya vitabu hivyo havijazaliwa. Mwandishi hayupo, mchapishaji hayupo, mada tamu ajabu. Wiki jana niliiuliza mwenyewe jinsi ya kuanika omena. Ilinijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwa upole, na mwisho ikanipa jina la profesa na kitabu chake. Nilimtafuta profesa yule kila mahali ninapojua kutafuta. Hakuna mtu kama huyo. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ningekuwa mgeni wa omena ningemwamini. Itumie, mwanangu, ni ajabu kweli kweli, na mimi naitumia. Lakini mtu akitajwa, mtafute uone kama anapumua.

Dani anapumua. Katika tasnifu ile ya zamani aliitwa Mhojiwa wa Saba, basi. Nilikwenda Ogal kumwomba ruhusa, na alipokubali niliongeza jina lake lote katika hifadhi, kwenye kazi zote mbili, kama mwenye maneno. Ukiliandika jina lake popote duniani sasa, linatokea. Nilimwonyesha kwenye simu, na nikamwonyesha ile ramani ya vitone vya wasomaji. Alivitazama kwa makini.

"Hao wote wanaanika omena?"

"Hapana, Mama. Wanasoma tu."

"Waambie kusoma hakukaushi," akasema, akarudi kwenye nyavu zake. Lakini kabla sijaondoka aliniomba nimwonyeshe vitone tena.

Nasikia lango. Ni sauti ya Pamela, anamtangazia jirani bei ya koti na jinsi alivyoishusha, kwa hiyo nina dakika chache tu.

Barua hii nitaisukuma chini ya nguo zako, uikute ukifungua sanduku kule. Utaona kuna jambo nililolizunguka tangu mwanzo na sijaliandika. Nimelianza mara mbili nikalikata. Siku hizi ukiiambia ile programu ikutungie barua ya mama anayemwomba mwanawe msamaha, itakutungia vizuri mno, na utalia. Mimi nilikuita mwizi kwa mdomo, jikoni, mbele ya shangazi yako. Sitaki uje kuusoma msamaha wangu peke yako kwenye nchi ya watu.

Mmeingia jikoni wote wawili, nakusikia ukicheka. Nakuja huko sasa hivi.

Mama yako,
Nyar Butere